Kofia ya Mzee Hamood na Maji ya Baridi

Jumatatu, 3 Februari 2025
Mashine ya kufulia imefika kutoka Unguja. Imetumika kidogo, lakini ni mashine. Kijiji kizima cha Vitongoji nani mwengine anayo?

Ijumaa tunakwenda Chokocho kumposea shemeji yangu Ishak, na baba mkwe, Mzee Hamood, bado hajamtaja msemaji wa posa. Ni mimi au mwanyumba wangu Yasser, aliyemuoa dada wa mke wangu. Yasser ana sauti nzuri. Mimi nina mashine. Nimekwenda kuomba niifue kofia ya mzee, ile aliyoshonewa kwa mkono na mkewe, Bi Zuweina, miezi minane. Mzee kasita, kisha kanipa. Kasema, Haroub, isiguse maji ya moto. Yasser kacheka. Na acheke.

Jumanne, 4 Februari
Nimejaribu kanzu yangu kwanza, mimi si mjinga. Nikaweka kwenye baridi. Yakaja maji ya kutilia chai. Nimemwita Shaame, fundi bomba. Kaangalia dakika mbili, kasema mashine nzima, ila mpira mweusi wa maji umelala uani juu ya sakafu tunayoanikia karafuu, unapikwa na jua. Eti nifue alfajiri, maji yakiwa bado baridi. Fundi gani huyo? Hajafungua hata skrubu moja.

Jumatano, 5 Februari
Nimepata ufumbuzi: barafu. Jirani, Bi Mwatum, anauza za mifuko. Zilizobaki ni za ubuyu. Nimetumbukiza kumi, zimefungwa vizuri. Mashine ikazunguka, mifuko ikapasuka. Kanzu yangu sasa ya waridi.

Asya, mke wangu, kasema nimpe kofia aifue kwenye beseni. Nimekataa katakata. Nimpelekee mzee kofia ya beseni, Yasser atasema nini?

Alhamisi, 6 Februari
Nimeigundua! Swichi imegeuzwa. Nikiweka baridi inatoa moto. Basi nikiweka moto itatoa baridi. Shaame asingelijua hilo mpaka kiama. Nimefunga mlango Asya asiniharibie kazi, nikaweka moto, mwisho kabisa. Saa mbili nzima.

Kofia imetoka safi sana. Inamtosha mtoto wa miezi sita. Nimeivuta kwa goti, imegoma.

Ijumaa, 7 Februari
Mzee kakataa kuvaa nyengine, kwa heshima ya mkewe. Kaingia Chokocho kofia imekaa utosini kama kikombe cha kahawa. Wenyeji wakatazama majamvi kwa adabu. Aliyesema ni Yasser. Kasema vizuri, wacha niandike, na posa imekubaliwa. Mimi nilikaa karibu na viatu, na kanzu yangu ya waridi, kichwa juu. Njiani nikamweleza mzee kwamba kosa ni la Yasser, kicheko chake kilinivuruga. Akanipita, akaenda kukaa na Yasser. Imeniuma, sikatai.

Jumamosi, 8 Februari
Asya kaniambia mamake ameanza kushona kofia nyengine kwa ajili ya harusi, na hasemi na mtu. Nimemwomba amfikishie salamu zangu: asiwe na wasiwasi, ikikamilika, kuifua ni juu yangu.