Eti Mimi Sina Historia!

Basi, Ndugu Meneja wa Benki, kama nilivyokuwa nasema pale dirishani kabla mlinzi wako hajanishika kiwiko na kunitoa nje kama mwizi wa kuku: historia ninayo! Shikamoo kwanza, shemeji. Nakuita shemeji kwa sababu mkeo namsuka mimi.

Niliomba mkopo wa draya moja tu ya kukaushia nywele. Ile ya zamani imeungua, ikaondoka na kishungi cha bibi harusi. Tangu siku hiyo wateja wanahamia kwa jirani yangu, yule mwenye mdomo, na nisipopata nyingine haraka nafunga saluni. Nyie mkanijibu kwa mhuri: "Maombi yamekataliwa. Mwombaji hana historia ya mkopo." Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Mimi sina historia? Uliza mtaa mzima! Nani aliolewa na mimba, nani aliuza kitanda cha mama mkwe wake, yote ninayo kichwani. Hata yako ninayo, shemeji. Mkeo akikaa kwenye kiti changu anaongea mpaka nywele zinakauka zenyewe. Lile gari la bluu la hapo kwenu najua linalipiwa na nani. Ila mimi si mmbea.

2. Kijana wenu wa mikopo, yule tai inamnyonga, akasema alama zangu ziko chini. Shule niliacha darasa la nne, alama mmezitoa wapi? Akauliza tena dhamana yangu iko wapi. Dhamana! Kwani nimewekwa ndani?

3. Nikamwambia, mwanangu, hebu nieleze taratibu. Akasema: "Mama, hujakataliwa kwa ubaya. Hujawahi kukopa popote, kwa hiyo hatujui kama unalipa." Yaani wifi yangu anayekopa mpaka chumvi, aliyejificha uvunguni mlipokuja kumdai, mmempa mkopo wa pili kwa sababu mnamfahamu! Mimi niliyejibana maisha yangu yote, nisiyejua deni lina rangi gani, ndiye wa kuogopwa!

4. Kwa hiyo naomba kwa heshima zote mnikopeshe historia kwanza. Hata ndogo, hata ya mtumba. Nitachelewa kulipa, mtanitumia vitisho, nitaingia uvunguni na wifi, nafasi ipo. Tukishafahamiana hivyo, mnipe draya.

5. Mlinzi akiombe radhi kiwiko changu.

Msalimie mkeo, mwambie zile nywele zimefika wakati wa kufumuliwa. Msalimie na kijana, alegeze tai.

Ni mimi nisiyedaiwa hata sindano,
Msusi wa pale kona

N.B. Shemeji, hapa mlangoni kuna mwenye duka anafoka mtaa wote usikie: sukari yake, sabuni, mafuta, pini za nywele, mpaka karatasi hii na bahasha, vyote nilichukua nikasema nitalipa kesho. Anasimulia tangu mwanzo, hasahau kitu. Si ndiyo hiyo mnayoitaka? Mtume yule kijana aje mbio asikilize, historia yangu ndiyo inasomwa! Tena ananiita, ameshika kiti changu cha wateja, anasema hiki ndiyo dhamana. Kumbe na dhamana ninayo! Nakuja, baba, nakuja, kiweke chi