Ombi la Kufuta Gramu

Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Vipimo,

Natumaini u mzima wa afya, wewe na mizani yako yote. Mimi ni muuza nyama, huu mwaka wa thelathini na moja buchani, na nakuomba kwa heshima zote uifute gramu pamoja na watoto wake. Tubaki na kilo. Kisichotimia kilo kisihesabiwe.

Sababu zangu ni hizi:

1. Jumanne mkaguzi wako alipanga mawe yake juu ya mizani yangu, akatangaza mbele ya wateja kwamba inapunja gramu nane. Nikamweleza kuwa kila mteja wangu huondoka na kipande cha nyongeza, bure, ndiyo maana naitwa Mzee Nyongeza. Akasema nyongeza haimo kwenye fomu. Ndugu Mkuu, gramu nane hubaki kwenye kisu changu. Siku ya haraka hubaki kwenye ndevu.

2. Mke wangu kaandikiwa kidonge cha presha cha miligramu tano. Mama ana kilo tisini na mbili, na mimi mumewe sijawahi kumwambia tulia akatulia. Kidonge kimemtuliza kwa wiki moja. Nimeona wivu, sifichi.

3. Hili ndilo linaloniuma. Binti yetu kajifungua kabla ya miezi kutimia. Mtoto yuko hospitali kwenye kisanduku cha joto, na hatoki mpaka afike kilo mbili. Kila asubuhi simu inalia: "Baba, kaongeza gramu kumi na tano." Naweka kisu chini, najifuta macho kwa aproni, foleni nzima inanitazama. Mtu mzima halizwi na gramu kumi na tano.

Zifutwe, basi, nikate nyama kwa amani.

Nisalimie makarani wote, na mkaguzi pia. Mwambie alisahau nyongeza yake juu ya kaunta.

Wako mtiifu, mwenye mizani inayosingiziwa,
Mzee Nyongeza

N.B. Nikiwa nabandika stempu, simu imelia. Mjukuu ana kilo moja na gramu mia tisa tisini na tano. Nimempigia hesabu kwa sheria yangu, nikapata kilo moja tu, na moyo umekataa. Tafadhali usifute kitu. Mkaguzi aje arekebishe zile nane zangu, ila leo asije. Zimebaki tano. Nimefunga bucha, naenda kuzingoja hospitali.