Mguu wa Kwanza Mlangoni kwa Bi Nhâm

Jumatatu, 28 Januari 2019

Manyunyu tangu asubuhi. Hanoi nzima imekwenda ziwani kuachilia samaki wekundu wampeleke mungu wa jiko mbinguni. Wengine wametupa na mifuko ya plastiki. Nimechonga funguo chache pale kando ya barabara, kisha nikarudi nyumbani kukuta habari kubwa. Bi Nhâm, mwenye nyumba wetu, anatafuta mtu wa kukanyaga kizingiti chake kwanza asubuhi ya mwaka mpya. Mwaka jana alitangulia mtu wa mkosi. Bi Nhâm akavunjika goti, kuku wakafa. Safari hii anataka mtu aliyezaliwa mwaka wa Mbuzi au wa Paka, asiye na msiba. Atakayemfungulia mwaka vizuri atapewa chumba cha mbele, kile cha chini.

Lazima kiwe changu! Nataka kumleta baba kutoka Nam Định, na mapafu yake hayawezi ngazi ya darini kwangu.

Mimi ni wa mwaka wa Nyoka, adui wa huu wa Nguruwe unaokuja. Nikamwambia Bi Nhâm ni wa Mbuzi. Miaka miwili nimeipunguza, haikuniuma. Alinitazama usoni akauliza mbona nimechakaa hivyo. Nikasema ni shida.

Jumatano, 30 Januari

Kikwazo: Quyết, fundi pikipiki wa chumba cha nyuma. Wa mwaka wa Paka, halali kabisa. Anacheka hata akiungua na ekzosi. Nilimdokeza Bi Nhâm kwamba kijana huyu ameibiwa simu mara mbili, ana nuksi. Akajibu kwamba anayeibiwa mara mbili na bado anacheka, huyo ndiye bahati yenyewe. Ningenyamaza tu.

Dada yangu Ngát alipiga simu. Baba hali chakula tena. Nikamweleza mpango wa chumba, hatua kwa hatua. Akanikatiza: "Kaka Lãm, baba haulizi chumba. Anakuuliza wewe."

Hana jicho la kuona mbali.

Ijumaa, 1 Februari

Ushindi! Quyết naye ni wa Nam Định, kijiji cha pili kutoka kwetu, na alikosa tiketi. Mabasi yamejaa hadi mwaka mpya. Mimi nilikuwa na yangu ya kesho. Nikampa. Alinikumbatia mbele ya watu, akalia, akaniita kaka wa damu. Bi Nhâm aliona yote kutoka jikoni. Akasema moyo kama huu ndio anaoutaka mlangoni kwake. Nimechaguliwa! Baba nitamfuata baada ya sikukuu, chumba kikiwa tayari.

Jumapili, 3 Februari

Baba amefariki alfajiri.

Wanazika kesho, maiti haivushwi mwaka. Mabasi hakuna. Kwa pikipiki ya kukodi ningefika. Nimelipima jambo kwa utulivu. Nikienda, nitarudi mfiwa, na mfiwa haingii nyumba ya mtu siku za mwaka mpya. Lakini mfiwa ni nani? Ni aliyepata habari. Nimeamua sijapata. Nikamwambia Ngát simu inakatika, simsikii. Akarudia polepole, neno kwa neno, kama anayemfundisha mtoto. Nikazima.

Bi Nhâm akaona macho yangu mekundu. Nikasema ni vitunguu vyake vya achari. Akanipa beseni zima nimenye. Afadhali. Nimelia hadi jioni bila mtu kuuliza.

Jumanne, 5 Februari. Mwaka mpya

Shati jipya. Nikakanyaga kizingiti kwa mguu wa kulia, nikatamka heri zote. Bi Nhâm aling'aa. Chai, mbegu za tikiti, wali wa kunata. Ufunguo wa chumba cha mbele ulikuwa mezani, karibu na mkono wangu.

Ndipo Quyết akapiga simu kumtakia Bi Nhâm heri, akampa na pole ya msiba wangu. Jana alibeba jeneza la baba. Anajilaumu: tiketi ile ndiyo ingenifikisha mazikoni.

Siku ya kwanza watu hawagombani wala hawafagii, wasije wakafagia riziki. Bi Nhâm hakupandisha sauti. Alinijazia kikombe.

"Kunywa, mwanangu. Leo sikufukuzi, ni mwiko. Ila ningekuwa mama yako, ningeshukuru nilitangulia kufa."

Nikanywa. Chai ilikuwa nzuri.

Ijumaa, 8 Februari

Nam Định. Nilifukuzwa mara ufagio uliporuhusiwa. Chumba cha mbele kapewa Quyết, kwa simu. Inasemekana alikikataa, Bi Nhâm akamlazimisha. Ngát amenifunga kitambaa cheupe cha msiba kichwani. Udongo wa kaburi bado mbichi. Kesho ni ibada ya siku ya saba, na mwana wa kiume ndiye huongoza.

Lakini nimewaza. Quyết akihamia mbele, chumba cha nyuma ki wazi. Kiko chini, hakina ngazi, baba angekipenda. Hasira za Bi Nhâm hazikai, na goti lile linahitaji mtu wa kumbebea maji. Asiyewahi hukosa.

Kitambaa nimekikunja mfukoni. Nimemwambia Ngát naenda sokoni kununua ubani wa kesho. Basi la Hanoi linaondoka saa tatu.