Shule Iliyojaa Kabla ya Kufunguliwa

Hakuna mtu katika jiji zima la Memphis, Marekani, aliyewahi kujaza shule upesi kama Thaddeus Rawlings. Aliijaza kwa mdomo!

Shule yenyewe ilikuwa ghala la zamani la magodoro, nayo ilikusudiwa watoto waliochoka kuitwa wajinga kwingine. Wilaya ilimpa kibali kwa sharti: watoto sitini wawe wamejiandikisha kufikia Jumatatu, la sivyo kibali kinafutwa. Wakizidi sitini, sheria inataka majina yapigiwe bahati nasibu hadharani.

Thaddeus aliipenda bahati nasibu kuliko shule. Alinunua pipa la waya la kuzungushia majina, akaliweka dirishani kama taji la mfalme. Mimi, mwalimu wake mtarajiwa wa sayansi, nilimsihi tugawe fomu kwanza.

"Fomu ni za wanyonge, mdogo wangu," alinijibu. "Watu hugombania mlango uliofungwa."

Akaenda kunyolewa kwa kinyozi Cleophus, akatangaza kutoka kitini kwamba wanaosubiri nafasi wamefika mia tisa. Wembe ulisimama shingoni mwake. Kabla nywele zake hazijafagiwa, mtaa mzima ulikuwa na habari.

Jumamosi ya bahati nasibu alivaa suti nyeupe. Tulipanga viti mia nne. Wakaja watoto kumi na mmoja, na wawili kati yao walifuata donati za bure.

Nilitaka kulia. Thaddeus alizungusha pipa vilevile. Vikaratasi kumi na kimoja vikarukaruka ndani kama maharage kwenye debe tupu.

Nilimkimbilia, Thaddeus nyuma yangu, jirani yetu Bi Odessa Pettway, anayemlea mjukuu aliyerudia darasa la sita mara mbili.

"Bibi, mbona hukumleta Janelle?"

"Nimlete wapi, na mia tisa wako mbele yake? Mtoto kazoea kushindwa. Sikutaka ashindwe hata na pipa."

Thaddeus akanywea. Tukarudi mbio kwa Cleophus. "Nafasi zipo tele, kaka," alimwambia.

Cleophus akawageukia wateja. "Msikieni. Ana mia tisa, bado anajishusha. Ukubwa umemtia adabu."

Hakuna aliyemwamini. Tuliporudi, Bi Odessa ndiye aliyetoa hukumu: kesho, kanisani, wakati wa matangazo, Thaddeus atasema ukweli mwenyewe.

Jumapili Thaddeus akashika kipaza sauti kama mtu aliyeshika nyoka.

"Shule yangu ni tupu."

"Amina," kanisa likaitika.

"Hakuna mia tisa. Nilidanganya."

"Sema, ndugu, sema."

"Wamekuja kumi na mmoja tu!"

Mpiga kinanda akadakia. Kina mama wenye kofia pana kama sinia wakasimama wakipunga mapepeo. Maisha yake yote alikuwa hajashangiliwa hivyo, na ndiyo kwanza alikuwa anasema kweli.

Baada ya ibada, fomu zilijazwa juu ya vitabu vya nyimbo, juu ya migongo ya watu, juu ya sanduku la sadaka. Kuku wa kukaanga hawajapoa ukumbini, tulikuwa na hamsini na tisa. Bi Odessa akaleta ya sitini, ya Janelle.

Kifua cha Thaddeus kikaanza kufura tena. "Unaona, Bibi? Mia tisa haiko mbali."

Bi Odessa akamtazama kuanzia viatu hadi kichwa kilichonyolewa.

"Mjukuu wangu kafeli hesabu mara mbili, lakini hata yeye anajua sitini si mia tisa. Ukae naye dawati moja."