Jogoo Asiyeona Mwewe

Jumatatu, 3 Februari. Songambele.

Nimefaulu! Miaka ya kupandisha kuku wadogo wa mapambo, na leo Mheshimiwa amewika. Kishungi kimefunika kichwa chote. Miguu mifupi, manyoya hadi vidoleni. Hakuna jogoo kama huyu Kyerwa nzima. Jirani yangu Hagenimana, anayeringa na jogoo wake wa mkia mrefu wa dhahabu, kachungulia juu ya ua akauliza mbele ni upande upi. Wivu huo! Ni kweli Mheshimiwa aliwika akiutazama ukuta. Atazoea.

Jumanne, 4 Februari.

Mheshimiwa kagonga mgomba. Kisha mwingine. Adhuhuri mwewe akashuka. Kuku wote mbio migombani, yeye kasimama katikati ya uwanja, kifua mbele, kama anapokea wageni. Mke wangu Pulkeria akatoka na mwiko, akamwokoa. Halafu akanigeukia mimi. Eti nimemtengeneza kiumbe wa Mungu ili macho yangu yafurahi, nikamnyima yake. Akataka mkasi. Thubutu! Nikamwambia urembo una gharama. Akauliza mbona anayelipa ni jogoo peke yake. Nikakumbuka nina kazi shambani. Sikuwa nayo.

Alhamisi, 6 Februari.

Baba mkwe, mzee Rwegoshora, katoka Rugu kutusalimia. Bahati iliyoje! Kwa kuku hakuna anayemfikia. Akimsifu Mheshimiwa, Hagenimana atanyamaza hadi Pasaka. Nikatoa shikamoo, na kabla mzee hajakaa vizuri nikamtia Mheshimiwa mikononi.

Mjinga mimi! Mjinga!

Hata mtoto anajua: kuku aliyetiwa mikononi mwa mgeni ni kitoweo, harudi. Mzee akampapasa kifua, akashukuru, akasema kuku ni mdogo lakini moyo wa mkwe wake ni mkubwa. Akamkabidhi Pulkeria ampeleke jikoni. Na baba mkwe anakataliwaje? Nikatabasamu. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, nikimwita kwa jina. Nilimpenda yule kipofu wangu. Mezani nilijipakulia ndizi tupu. Mzee akapewa firigisi, kubwa ajabu. Mchuzi ulikuwa mtamu, Mungu anisamehe. Niliongeza.

Ijumaa, 7 Februari.

Alfajiri, kuwika! Nyuma ya jiko, chini ya tenga: Mheshimiwa! Mzima! Kishungi kimenyolewa chote. Pulkeria akasema Hagenimana alisikia kilio changu, akampitishia jogoo wake mwingine, wa kawaida, juu ya ua, akaomba nisiambiwe. Hagenimana! Yule yule! Nikalia tena. Nikamwinua Mheshimiwa. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akapiga kelele, akakimbia.

Jumapili, 9 Februari.

Baada ya misa nimeapa mbele ya Pulkeria na Hagenimana: sitazalisha tena kuku wa kishungi cha kufunika macho. Nimetubu kweli. Hagenimana kanishika mkono, tumekunywa chai pamoja.

Ila jioni nimemwona Mheshimiwa akimfuata mtetea wa Hagenimana, binti wa yule wa mkia wa dhahabu. Jamani! Mkia ule kwenye miguu hii mifupi! Utaburuta chini kama gauni la bibi harusi. Vifaranga watajikwaa? Labda kidogo. Lakini mimi niliapa kishungi. Mkia hakuna aliyeutaja.