Kadi Tatu Ndani ya Jagi la Ukwaju

Leo nimevuliwa nguo, jamani, na kanzu mpya nilikuwa nimeivaa.

Mnajua nina kadi tatu za mkopo za benki. Moja ya petroli ya pikipiki, moja ya matumizi ya nyumbani, na ya tatu siitumii, nimeiacha tu izeeke, maana nasikia benki hupenda kadi iliyokaa. Nanunua kidogo, nalipa yote kabla ya tarehe, riba siijui. Nataka rekodi nzuri ili siku nikiomba mkopo wa kujenga niupate, mimi na Zuhura tukae kwetu. (Mpango wa mtu mwenye akili, sivyo?)

Tatizo ni mkono wangu. Juzi nusura ninunue televisheni kubwa kuliko ukuta. Mwenzangu wa kazi pale mapokezi ya hoteli, Watamu, akanishauri: "Zigandishe kwenye barafu. Mpaka iyeyuke, hamu imekwisha." Jana nikazitia zote tatu kwenye bakuli la maji, nikalisukuma nyuma kabisa ya friza ya mama.

Mama yangu huuza barafu. (Naam. Isomeni tena hiyo sentensi. Mimi sikuifikiria hata mara moja.)

Leo ndiyo siku ya kumposa Zuhura, kwao Shela, hapa hapa Malindi. Baba yake ana duka la vitambaa mjini, na sharti lake kila mtu analijua: binti yake haolewi na mtu wa madeni. Asubuhi mama yake Zuhura akapiga simu. Stima imepotea, sharubati ni ya moto! Mama akamwambia, "Usijali, dada, barafu naja nayo." Akajaza ndoo. Na aliyeibeba ndoo ni mimi. Kwa mikono yangu miwili!

Tukafika, tukakaa. Wanawake ndani, wanaume sebuleni, mimi nimeinamisha kichwa kama inavyompasa mposaji. Likaletwa jagi kubwa la ukwaju, pande zima la barafu likielea juu yake. Nikalitazama. Lilikuwa na michoro ya maua, na kwetu bakuli lenye maua kwenye kitako ni moja tu.

Jasho likanitoka. Nikajipa moyo kwamba ukwaju ni mweusi, hauonyeshi kitu. Lakini Ami yangu, ambaye ndiye msemaji wetu, hana hotuba fupi, na joto lilikuwa la Malindi. Pande likazidi kupungua. Ami akazidi kupamba moto: "Kijana wetu huyu hadaiwi na mtu! Benki yenyewe akiiona huvuka barabara!" (Ami, nyamaza. Ami, nakuomba.)

Nikainuka. "Baba, niacheni nimimine mimi."

"Kaa, mwanangu. Mgeni hamimini kwangu."

Mzee akainamisha jagi. Tii! Kadi ya kwanza ikasimama wima ndani ya gilasi ya Ami. Ya pili ikakwama kwenye mdomo wa jagi. Ya tatu, ile ya kuzeeka, ikaangukia mkeka.

Mzee akaipangusa kwa leso, akavaa miwani, akasoma jina langu kwa sauti.

"Ni nini hizi?"

"Kadi za mkopo, baba. Lakini sidaiwi! Nakopa kidogo, nalipa upesi, ili benki inione nakopesheka."

"Hebu nifahamishe. Waazima pesa usizozihitaji, wazirudisha, ili siku moja wakupe deni kubwa zaidi?"

Nikahesabu kwa vidole. Wallahi nilihesabu mara mbili.

"Ndiyo, baba."

Kule ndani nikamsikia Zuhura: "Yarabi!" Sauti hiyo sitaisahau. Niliona aibu mpaka machozi yakanilenga.

Ami akajaribu kuokoa jahazi. "Mzee, vijana wa sasa..."

"Jibu tutalileta," mzee akasema, huku akinirudishia kadi moja moja, zinanata. "Kwanza tumwangalie mwenendo wake. Kama mwaka hivi."

"Mwaka mzima, mzee?"

"Benki si humwangalia? Na mimi ni baba."

Sasa niko chumbani na kanzu ina madoa ya ukwaju. Rekodi yangu benki ni safi, mkopo wa nyumba nikiomba nitapewa. Wa kuingia naye humo ndiye niliyenyimwa, walau mwaka huu. Msicheke.