Waya Uchi Warudi Jukwaani

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Siku kubwa! Nimeinua godoro la chumba cha wageni kutafuta futi ya kupimia mapazia, nikakuta kaseti ya Waya Uchi. Waya Uchi! Hakuna bendi ya roki iliyodharauliwa bure kama wao. Nilikuwa kijana wa sekondari, nywele zimesimama kama nimepigwa shoti. Nimeisikiliza yote nimekaa sakafuni. Nimelia kidogo. Mke wangu kachungulia, akauliza kama redio imeharibika. Nikamwambia huu ni muziki wa watu wanaofikiri. Akasema basi niendelee kufikiri, ila mlango nifunge.

Jumanne, tarehe 4
Bosi katangaza: Jumamosi tunazindua duka la pili la mapazia. Meneja atakuwa ama mimi ama Ndiyobosi. (Jina lake hasa ni jingine, lakini neno jingine sijawahi kulisikia kinywani mwake.) Kila mmoja alete wazo la kuvuta wateja. Ndiyobosi kasema maputo. Maputo! Nikasimama nikasema bendi. Bosi akauliza bendi gani. Nikasema ni siri. Kwa kweli sikujua hata kama wako hai.

Jumatano, tarehe 5
Nimemuuliza shemeji, kaka yake mke wangu. Anadai yeye ndiye aliyewajua Waya Uchi kwanza, na kaseti ile ni yake. Uongo mtupu, ingawa jina lake limeandikwa juu. Lakini kanipa habari tamu: mpiga dramu wao sasa ni daktari wa meno, nyuma ya posta! Nikapiga simu. Msaidizi wake ni mkali. Kasema daktari haonani na mtu asiyeumwa.
Basi naumwa.

Alhamisi, tarehe 6
Mpango ulikuwa mzuri. Nifungue mdomo, nilalamike kidogo, halafu nitaje bendi. Kosa moja tu: alinichoma sindano ya ganzi kabla sijafika kwenye kutaja. Nikawa nasema "Aya Ushi! Aya Ushi!" huku nikionyesha mfuko wa shati wenye kaseti. Akadhani namwonyesha jino. Nikatikisa kichwa. Akaniambia nisiogope, mwanaume mzima mimi. Likang'oka. Anasema lilikuwa na kitundu. Anajitetea tu.
Ndipo nikaweza kuitoa kaseti. Akakaa kwenye kigoda chake, akaigeuzageuza.
"Umeipata wapi hii? Mimi mwenyewe sina."
Akasema walivunjika baada ya onyesho ambalo waliokuwa jukwaani walikuwa wengi kuliko waliokuja kutazama. Nikajigonga kifua: mimi nilikuwepo! Akanitazama weee. Nadhani alinikumbuka kwa zile nywele, ingawa hazipo tena.
"Jumamosi saa ngapi?" akauliza.

Jumamosi, tarehe 8
Daktari kaja peke yake, gari limejaa dramu. Wenzake hakuwapata. Nani aimbe? Mimi! Shavu limevimba kama nimeficha limau, lakini maneno nayajua yote.
Tukaanza. Daktari alipiga kama mtu anayelipiza kisasi. Maputo ya Ndiyobosi yakaanza kupasuka, moja baada ya jingine. Raha iliyoje! Nikafumba macho, nikaimba kwa moyo wote. Nilipofumbua, duka tupu. Wateja wote walikuwa wamekimbilia chumba cha nyuma.
Na huko nani alikuwa akiwasubiri? Ndiyobosi! Katundika mapazia mazito, anawaonyesha: ukifungua, unawasikia, ukifunga, kimya. Akafungua, akafunga. Wakayagombania. Hayakubaki hata ya kufutia vumbi. Bosi kampa umeneja hapo hapo. Akajibu, bila shaka, ndiyo bosi.
Mbele yetu alibaki mtu mmoja: mke wangu. Kavua viatu, kacheza mpaka mwisho. Nikamuuliza kumbe ameupenda muziki? Akasema hata kidogo, ila hajaniona na furaha namna hii tangu harusi yetu. Shemeji naye alikuwa mlangoni, vidole masikioni, anaimba kila neno. Daktari alikuwa akifuta macho kwa pindo la shati. Nikasingizia vumbi kwa niaba yake.

Jumapili, tarehe 9
Nimetafakari kwa utulivu, na shavu limeanza kushuka. Kosa liko wazi. Tulikosa besi! Roki bila besi nani atakaa aisikilize? Tukipata besi, Bosi mwenyewe atakuja kunibembeleza nichukue duka la tatu.
Daktari kanipigia asubuhi, sauti imekuwa ya kijana. Kaambiwa mpiga besi wao alipo: ana karakana ya majeneza karibu na stendi. Ila ni mtu wa kazi, hana muda na mgeni asiye mteja.
Nimepiga simu. Wakaniuliza marehemu ana urefu gani. Nikasema kama wangu. Wakanipa pole, wakauliza mwili uko wapi.
Nikawaambia wasihangaike kutuma gari. Mwili utakuja wenyewe kesho, baada ya chai.